Uaminifu wa mtumishi wa umma haupimwi kwa jasho la vidole

Mhariri,

Kila inapofichuka sakata nyingine ya fedha za umma humu nchini, hurejea pendekezo lilelile: maofisa wa serikali waketishwe mbele ya mashine ya kupima uongo, na atakayeshindwa aende nyumbani. Pendekezo hili lina asili yenye heshima kubwa. Juni 1, 2018, katika sherehe za Madaraka zilizofanyika uwanja wa Kinoru, Meru, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba wakuu wote wa vitengo vya ununuzi na uhasibu katika wizara, idara na mashirika ya serikali wangepigwa msasa upya, na kwamba kipimo cha poligrafu, yaani mashine hiyo ya kupima uongo, kingekuwa sehemu ya msasa huo. Sakata ya Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) ilikuwa bado mbichi, na hasira ya wananchi ilikuwa ya haki. Siku chache baadaye wakuu hao waliagizwa wakabidhi ofisi kwa manaibu wao na kuwasilisha taarifa zao binafsi.

Naandika kama mtu aliyefanya kazi ya ununuzi na ugavi serikalini hadi umri wa kustaafu, kwa hiyo msomaji ana kila sababu ya kushuku kwamba nawatetea wenzangu wa zamani. Siwatetei. Baadhi yao walistahili kufungwa jela kabla hata Rais hajapanda jukwaani Kinoru. Ninachopinga ni kifaa chenyewe na, zaidi ya kifaa, aina ya swali ambalo serikali hujiruhusu kuuliza pindi inapokuwa nacho mkononi. Maana aliyeanza kwa kupima kama ofisa ameiba, kesho atapima kama ofisa huyo anampenda mkubwa wake. Marekani, nchi inayoitumia mashine hii serikalini kuliko karibu nchi nyingine yoyote, imekwisha kufika huko, na ndiyo maana sehemu kubwa ya barua hii inahusu mambo ya kule.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachopimwa. Anayepimwa huketishwa kwenye kiti. Mirija miwili ya mpira huzungushwa kifuani na tumboni ili kufuatilia anavyopumua. Mkanda kama ule wa kupimia presha hospitalini hufungwa kwenye mkono na kujazwa hewa. Na vibati viwili vya chuma hubandikwa kwenye vidole ili kupima jinsi ngozi inavyopitisha umeme, jambo linalobadilika kadiri mtu anavyotoka jasho. Mashine haioni kitu kingine zaidi ya hayo, yaani pumzi, msukumo wa damu na jasho. Mpimaji kisha huuliza maswali ya aina mbili. Yako yanayogusa jambo lenyewe, kama vile, “Je, umewahi kupokea fedha kutoka kwa mzabuni?” Na yako ya kulinganishia, kama vile, “Je, kabla ya kuajiriwa uliwahi kumdanganya mtu aliyekuamini?” Nadharia yao ni kwamba asiye na hatia atahangaishwa zaidi na swali la pili, kwa sababu karibu kila mtu amewahi kudanganya na atakuwa anakana kwa wasiwasi, ilhali mwenye hatia atashtushwa zaidi na lile la kwanza. Michoro ya majibu hayo mawili hulinganishwa, na hukumu hutolewa.

Nadharia hiyo inapendeza kwenye karatasi. Lakini mchukue ofisa wa miaka 54, mwenye presha na sukari, ambaye anajua kuwa matokeo ya asubuhi hiyo yataamua kama atamaliza kulipa mkopo wa chama cha ushirika na karo ya kitindamimba wake. Mkalishe mbele ya kijana wa rika la mwanawe, naye kijana amuulize kama yeye ni mwizi. Moyo utamwenda mbio hata kama hajawahi kuondoka na kalamu ya ofisi. Kwa jinsi tulivyolelewa, kuulizwa wizi ana kwa ana na mtu mdogo kwako ni tusi, na mashine haina njia ya kutofautisha moyo unaodunda kwa aibu, unaodunda kwa hasira na unaodunda kwa hatia. Kwa upande mwingine yupo mla rushwa mzoefu, ambaye kwa miaka mingi amejiaminisha kwamba asilimia kumi ya kila zabuni ni haki yake kwa kazi ngumu anayoifanya. Huyo atajibu kwa utulivu wa mtu anayeulizwa jina la baba yake.

Mahakama za Marekani zililitambua tatizo hili mapema. Mwanasaikolojia William Moulton Marston, mmoja wa waasisi wa kipimo cha uongo kwa njia ya msukumo wa damu, alitaka matokeo yake yapokelewe kama ushahidi katika kesi ya mauaji jijini Washington. Mwaka 1923 mahakama ya rufani ilikataa, katika uamuzi wa kesi ya Frye ambao ulibaki kuwa kigezo cha ushahidi wa kisayansi kwa takriban miaka 70. (Marston huyohuyo ndiye aliyebuni baadaye mhusika wa katuni mwenye kamba ambayo kila anayefungwa nayo hulazimika kusema kweli, kwa hiyo tamaa yake haikuwa siri.) Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, katika kesi ya Scheffer, iliidhinisha kanuni ya kijeshi inayozuia ushahidi wa poligrafu. Na mwaka 1988 Bunge la Congress lilikuwa limepitisha sheria inayowakataza waajiri wengi wa sekta binafsi kuwapima wafanyakazi wao kwa mashine hii. Serikali yenyewe ilijitoa katika katazo hilo. Mwenye duka alizuiwa kumpima karani wake, lakini waziri akaachiwa wake.

Utafiti ambao kila mtetezi wa poligrafu angepaswa kuusoma ni ule uliotolewa mwaka 2003 na Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, uliofanywa kwa ombi la Wizara ya Nishati, ambayo ndiyo inayosimamia maabara za silaha za nyuklia. Wanasayansi hao hawakuikashifu mashine ovyo. Walikubali kwamba katika kosa mahususi lililokwisha kutokea, na kwa watu wasiofunzwa mbinu za kuihadaa, inaweza kutenganisha waongo na wakweli vizuri kuliko kubahatisha, ingawa kwa kiwango kilicho mbali sana na ukamilifu. Kisha wakauliza swali muhimu zaidi: itakuwaje ikitumiwa kuchuja kundi kubwa la wafanyakazi ambao hawajashukiwa kwa lolote? Wakachukua mfano wa wafanyakazi 10,000, kumi kati yao wakiwa majasusi. Mashine ikirekebishwa iwe kali kiasi cha kuwanasa majasusi wanane, watu wapatao 1,606 wataonekana wameshindwa mtihani, na 1,598 kati yao watakuwa hawana kosa. Ikilegezwa ili wasio na hatia wanaoonewa wasizidi arobaini hivi, majasusi wanane kati ya kumi watapita na kurudi mezani kwao wakiwa na cheti cha usafi. Hitimisho la baraza hilo lilikuwa kwamba usahihi wa kipimo hiki hautoshi kuifanya serikali ikitegemee katika kuwachuja wafanyakazi wake kwa ajili ya usalama.

Naomba msomaji aitazame tena idadi hiyo ya 1,598. Hao ni walimu wa chuo, wahandisi, makarani, madereva wa serikali, kila mmoja akiwa na jalada lenye neno moja baya ambalo hawezi kulijibu, kwa sababu hakuna tendo lililotajwa. Ukishtakiwa kwamba ulipokea shilingi 200,000 siku fulani, unaweza kuleta risiti, shahidi au taarifa ya benki. Ukishtakiwa kwamba vidole vyako vilitoka jasho, utaleta nini?

Najua jibu litakalotolewa. Mtu atasema kwamba wezi wa mali ya umma Kenya si kumi katika elfu kumi, na kwa hiyo hesabu ya Wamarekani haituhusu. Ni kweli kwamba kadiri wahalifu wanavyokuwa wengi katika kundi, ndivyo uwiano wa wanaonaswa kwa haki unavyopanda. Lakini mwenye kusema hivyo amekubali tayari kwamba wizi umejaa ofisini, umeacha nyayo kila mahali, na hauhitaji kutafutwa mioyoni. Tena, lile kosa la kuwaachilia wenye hatia linabaki palepale, na katika nchi yetu lina hatari ya pekee. Ofisa aliyepita mtihani wa mashine atalibeba tokeo hilo kama ngao. Mkaguzi wa hesabu akibisha hodi mwaka unaofuata, ataambiwa kwamba mkuu huyu amekwisha kusafishwa.

Ndivyo ilivyotokea Langley, kwenye makao makuu ya shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Aldrich Ames, ofisa wa CIA, alianza kuwauzia Wasovieti siri mwaka 1985. Alipimwa kwa poligrafu mwaka 1986 na tena mwaka 1991, na mara zote mbili akapita, wakati wapelelezi wasiopungua kumi waliokuwa wakiifanyia Marekani kazi walikuwa wamekwisha kuuawa au walikuwa wakifuatiliwa kwa sababu yake. Alipowauliza mabwana zake wapya afanyeje mbele ya mashine, ushauri wao ulikuwa wa kawaida mno: alale vizuri, atulie, ajenge uelewano na mpimaji. Ana Montes, mchambuzi wa shirika la ujasusi wa kijeshi la Marekani aliyekuwa akiwafanyia kazi Wakuba, alipita mtihani wake mwaka 1994 na kuendelea na kazi yake ya siri hadi alipokamatwa Septemba 2001. Watetezi wa mashine hupenda kumtaja Robert Hanssen wa shirika la upelelezi wa ndani la Marekani, FBI, jasusi wa Warusi ambaye hakuwahi kupimwa hata mara moja katika utumishi wake wote. Haya, hakupimwa, lakini alipatikana Februari 2001 kutokana na jalada lililonunuliwa kutoka kwa ofisa wa zamani wa ujasusi wa Urusi, lenye kanda iliyorekodi sauti yake na mfuko wa plastiki wenye alama za vidole vyake. Huo ndio ushahidi.

Mkasa wa upande wa pili ni wa mwanasayansi Wen Ho Lee wa maabara ya silaha za nyuklia ya Los Alamos, aliyeshukiwa kwa ujasusi. Alipimwa Desemba 1998 na kuambiwa amepita. Baadaye maofisa wa FBI wakaisoma michoro ileile, ya moyo uleule, ya siku ileile, wakasema hakupita. Alifutwa kazi Machi 1999, akakamatwa Desemba mwaka huo na kuwekwa rumande peke yake kwa takriban miezi tisa. Mashtaka 58 kati ya 59 yaliondolewa Septemba 2000, akakiri moja, na Jaji James Parker akamwomba radhi mahakamani kwa jinsi alivyotendewa. Mimi nimefanya kazi na leja maisha yangu yote. Wahasibu wawili wakiisoma leja moja na kupata majibu mawili, tunakwenda kwenye vocha na kuhesabu upya hadi mmoja ashindwe. Hapa hakukuwa na vocha ya kuhesabu.

Kama mashine hii inakosea hivyo, mbona serikali zinaing’ang’ania? Rais Richard Nixon alilijibu swali hilo bila kujua kwamba sisi tungemsikia, kwa kuwa maneno yake yalinaswa na vinasa sauti vya Ikulu yake Julai 1971, alipokuwa amekasirishwa na siri zilizovujishiwa magazeti. Alisema hajui lolote kuhusu poligrafu wala hajui zina usahihi kiasi gani, lakini anajua zitawatia watu hofu kubwa. Sijapata kusoma maelezo mafupi na ya kweli kuliko hayo. Mashine inafanya kazi pale mtu anapoamini kwamba inafanya kazi, akaogopa, akaanza kusimulia mambo kabla hata mirija haijafungwa kifuani. Wapo waliokiri makosa halisi kwa njia hiyo, na sitaki kulificha jambo hilo. Ila hofu haichagui. Itamfanya mwenye kosa aseme, na itamfanya asiye na kosa aseme zaidi ya yaliyotokea. Na wale wenye moyo mgumu, ambao ndio tuliokuwa tukiwatafuta, haitawafanya lolote.

Hofu hiyohiyo huwafukuza watu wazuri mlangoni. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2010 kwamba kila anayeomba kazi ya ulinzi wa mipaka na forodha apimwe kwa poligrafu, kwa sababu wahalifu walikuwa wakijipenyeza kazini. Nia ilikuwa njema. Mwaka 2017 shirika la habari la Associated Press liliripoti kwamba waombaji wawili kati ya kila watatu walikuwa wakishindwa mtihani huo, huku idara ikihangaika kujaza nafasi zake.

Sasa nije kwenye swali la uaminifu, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Wizi ni tendo, na ujasusi ni tendo pia. Uaminifu ni hali ya moyo, na anayetaka kuupima lazima kwanza aamue ni uaminifu kwa nani. Mwaka 2025 Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani ilianza kuwapima wafanyakazi wake kwa poligrafu kusaka wanaovujisha habari. Kaimu mkuu wa shirika la kukabiliana na majanga, FEMA, Cameron Hamilton, alikuwa miongoni mwa waliopimwa, na hakuonekana na kosa. Mwezi Mei aliiambia kamati ya Bunge kwamba kwa maoni yake shirika lake halipaswi kuvunjwa, na siku iliyofuata akafutwa kazi. Julai mwaka huo gazeti la The New York Times liliripoti kwamba FBI ilikuwa ikiwauliza maofisa wake waandamizi, wengine wakiwa kwenye mashine, kama wamewahi kusema jambo lolote baya kuhusu mkurugenzi wao, Kash Patel.

Tafakari swali hilo. Halihusu siri ya taifa, wala fedha, wala adui wa nje. Mtumishi wa umma mwenye miaka ishirini ya kuwasaka wahalifu anafungwa mkanda wa presha ili ijulikane kama alimsengenya bosi wake wakati wa chai ya saa nne. Kama ofisi zetu zingeulizwa swali hilo, Mhariri, hakuna ambaye angebaki kazini, kuanzia mlinzi wa lango hadi katibu wa wizara. Na wanaosimulia mabaya ya bosi kwa sauti ya chini mara nyingi ndio wanaojua ni wapi zabuni ilipopindishwa. Ukishawaondoa hao, umebaki na wanaosema “ndiyo, mkubwa” na kutia saini.

Yupo mmoja aliyewahi kulikataa jambo hili akiwa juu kabisa. Novemba 1985 Rais Ronald Reagan aliidhinisha agizo ambalo lingewafanya maelfu ya maofisa wapimwe kwa poligrafu ili kuzuia ujasusi. Waziri wake wa mambo ya nje, George Shultz, aliwaambia waandishi wa habari kwamba siku atakayoambiwa ndani ya serikali hiyo kuwa haaminiki ndiyo siku atakayoondoka. Ikulu ikalegeza msimamo. Lakini Shultz alikuwa waziri, tena mwenye heshima ya miaka mingi. Karani wa Garissa au Busia akisema maneno hayo ataambiwa aache funguo mezani.

Sisi Wakenya tunayo kumbukumbu yetu ya serikali inayopima uaminifu wa watu, na sioni kwa nini tuazime ya wengine kabla ya kuikumbuka. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, jeshi la Waingereza liliizingira Nairobi na kuwapanga maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru mbele ya watu waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho, wale walioitwa gakunia. Aliyefunikwa gunia alitikisa kichwa, na mtu akapelekwa kizuizini. Hakuambiwa kosa lake, wala hakumwona aliyemshtaki. Baadaye vikaja vyeti vya uaminifu. Mwaka 1957, Waafrika walipowachagua wawakilishi wao kwa mara ya kwanza kwenda Baraza la Kutunga Sheria, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru asiye na cheti hicho hakuruhusiwa kupiga kura. Wazee wetu walijua vizuri kwamba cheti kilimaanisha uaminifu kwa mkoloni, na wengi wenye cheti hawakuwa waaminifu kwa yeyote zaidi ya matumbo yao. Siwalinganishi wapimaji wa poligrafu na wale watesaji. Nasema tu kwamba kanuni iliyokuwa chini ya gunia ni ileile: mtu anahukumiwa kwa ishara asiyoweza kuihoji.

Katiba ya 2010 iliandikwa na watu waliokuwa na kumbukumbu hiyo. Kifungu cha 236 kinasema mtumishi wa umma hataonewa kwa kutekeleza kazi zake kwa mujibu wa sheria, wala hatafutwa, kushushwa cheo au kuadhibiwa bila utaratibu wa haki wa kisheria. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya hatua za kiutawala zilizo za haki, na sababu za maandishi pale haki zake zinapoguswa. Mkubwa atakayeandika “mashine imesema” hajaandika sababu. Na viapo vilivyomo katika Jedwali la Tatu la Katiba humfunga waziri kwa watu wa Kenya, kwa Jamhuri na kwa Katiba. Hakuna kiapo cha kumpenda mteule wa siku hiyo.

Nitaulizwa basi tuwakamate wezi kwa njia gani. Turudi kwa Ames. Kilichomfichua ni subira ya wanawake na wanaume wachache wa CIA na FBI walioketi na kalenda mkononi, wakaweka tarehe alizokula chakula cha mchana na mwanadiplomasia wa Kisovieti sambamba na tarehe alizoweka fedha benki. Alikula, kisha fedha zikaingia. Alikula tena, fedha zikaingia tena. Mtu mwenye mshahara usiofika dola 70,000 kwa mwaka alikuwa amenunua nyumba ya dola 540,000 kwa fedha taslimu na alikuwa akienda kazini kwa gari la Jaguar, na bado kwa miaka mingi wakubwa wake waliona afadhali kuuliza mashine kuliko kuuliza benki.

Nasi tuna mfano wetu, tena mzuri zaidi. Tume ya Taifa ya Huduma ya Polisi ilipokuwa ikiwapiga msasa maofisa, na hasa zamu ilipofika ya askari wa trafiki, haikuhitaji mirija wala vibati. Iliwaomba taarifa za M-Pesa. Mbele ya kamera za televisheni askari wa kawaida walitakiwa kueleza fedha zilizoingia kwenye simu zao zilitoka kwa nani, na kwa nini nyingine zilipitishwa juu kwa wakubwa wao. Hapo mtu anaweza kujitetea: hii ni ya shamba, hii ni ya chama, huyu ni shemeji yangu. Na asiyeweza kujitetea, kila mtazamaji nyumbani anamwona.

Katika kazi yangu nimewahi kuuona wizi kwa kusoma karatasi nne tu. Ilikuwa taasisi moja ya umma yenye bweni, ambayo sitaitaja. Vocha ya S13 ilionyesha kwamba ghala limepokea magunia 300 ya maharagwe. Hati ya kuagizia, ile LPO, ilikuwa sawa. Kamati ya ukaguzi na upokeaji ilikuwa imetia saini kikamilifu. Karatasi ya nne ilikuwa daftari la mlinzi wa lango, lililoandikwa kwa penseli na mzee asiyehusishwa na siri za wakubwa. Siku hiyo yaliingia magari matatu: la mkuu wa taasisi, la maziwa na la maji taka. Hakuna lori. Magunia 300 ya kilo 90 hayaingii kwenye gari la maziwa. Walioketi kwenye kamati ile walikuwa watulivu, wacha Mungu, wazungumzaji wazuri, na nina hakika wote wangeipita poligrafu kabla ya saa sita mchana.

Tangu mwaka 2003 sheria imemtaka kila mtumishi wa umma atangaze mapato, mali na madeni yake, ya mwenzi wake na ya watoto wake walio chini ya miaka 18, mwanzoni kila mwaka na baadaye kila baada ya miaka miwili. Nilizijaza fomu hizo kwa uangalifu mwaka baada ya mwaka, na katika muda wote huo sikuwahi kupigiwa simu hata moja kuulizwa jambo lililomo ndani yake. Julai 2025 Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Mgongano wa Maslahi, inayoipa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC) usimamizi wa matangazo hayo. Badala ya kununua mashine na kuwalipa wapimaji wake, Wizara ya Fedha na iipe tume hiyo wakaguzi wa kutosha, wachukue fomu za wakuu wa ununuzi na uhasibu waliotajwa Kinoru, pamoja na za makatibu na mawaziri wanaowaamuru, waziweke kando ya hati za ardhi, usajili wa magari na taarifa za benki, na kumwandikia barua kila ambaye hesabu yake haikubali, akipewa siku za kujibu kwa maandishi.

Mstaafu wa idara ya ugavi,
Nakuru